Studio ya Bure Ngara? Mimi Simo!

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, mniwie radhi. Testi zilikuwa zimebana, madesa yamejaa kitandani mpaka sehemu ya kulala hakuna. Leo nimerudi na jambo linaloninyima usingizi, na wala sio UE.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtu wa Ngara, na kwamba nina washkaji zangu wanaochana tangu tukiwa sekondari. Tuko tisa. Sita tunatoka Ngara, watatu Biharamulo. Wanne tuko vyuoni, watano wako nyumbani. Mmoja anaendesha bodaboda Benaco, mmoja ana kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye flashi pale Nyakanazi, wengine wako kwenye kilimo na biashara ndogondogo. Kwa miaka miwili tumekuwa tukipiga stori ya kuanzisha lebo yetu ya hip hop, ya kwetu, yenye chumba chake, sauti yake na watu wake. Mpaka juzi ilikuwa stori tu.

Juzi sasa ukaja mchongo. Kuna mtia nia mmoja (jina silitaji, na chama chake sikitaji) katuma mtu kwa washkaji. Atatoa laptop mpya, kipaza sauti cha maana, spika mbili na kodi ya chumba ya mwaka mzima. Yeye anataka vitu vitatu tu. Kwanza, nyimbo tatu za kampeni. Pili, jina lake lipakwe ukutani nje ya studio. Tatu, vifaa viandikwe kuwa viko chini ya ofisi yake, "ili visipotee".

Tukapiga kura kwenye kundi letu la WhatsApp. Sita wamesema ndiyo, mmoja kasema atafuata wengi, wawili tumesema hapana. Mimi ni mmoja wa wale wawili, na nimeshatukanwa vya kutosha. Nimeambiwa niko chuoni nakula bumu, sijui njaa ya mtaa. Nimeambiwa najifanya msomi. Sawa. Jibu ni Jumapili ijayo, kwa hiyo naandika hapa kila kitu nilichoshindwa kukisema kwenye meseji za sauti. Nyie wengine mnaosoma, nanyi mnipe akili.

Nianze na kisa ambacho wote tisa tunakijua. Mmoja wetu, yule mwenye mistari mikali kuliko sote, alikusanya pesa za maharage msimu mzima akaenda mjini kurekodi. Mji siutaji na studio siitaji. Alilipa, akarekodi nyimbo mbili, akaambiwa arudi baada ya wiki kuchukua kazi yake. Wiki ikawa mwezi. Alipewa wimbo mmoja, tena kwa kutumiwa kwenye simu, sauti imekwaruza. Wa pili akaambiwa faili limepotea. Mwaka uliofuata akakisikia kiitikio chake kwenye wimbo wa mtu mwingine, kimebadilishwa maneno mawili matatu. Alipopiga simu aliulizwa swali moja: "Una karatasi gani?" Hakuwa na karatasi. Tangu siku ile hajaandika mstari mpya, na sasa hivi ni mmoja wa wale sita waliosema ndiyo kwa mtia nia! Simlaumu. Mtu aliyeibiwa akiwa peke yake akiona mkubwa anajitolea kumlinda, atakubali tu.

Lakini jamani, tujiulize kilichomuumiza ni nini. Vifaa? Ile studio ilikuwa na vifaa vyote. Alichokosa ni umiliki. Hakuna aliyekuwa na deni kwake. Aliyemrekodi hakuwa jirani yake, hakusali naye, hakumzika naye mtu, na hakuna mzee wa kumwita akaulizwa. Sasa tukichukua vifaa ambavyo karatasi yake iko kwenye ofisi ya mtu mwingine, tutakuwa tumejiletea kisa kilekile mpaka mlangoni, safari hii kwa wote tisa.

Kuna mkanganyiko hapa naomba niutatue. Watu wengi wakisikia lebo wanafikiria studio. Studio ni chumba na mashine. Lebo ni makubaliano: nani anamiliki rekodi, nani anaitangaza, nani anagharamia, nani analipwa na lini. Unaweza kuwa na studio nzuri ile mbaya usiwe na lebo, na unaweza kuwa na lebo inayokodi studio za wengine. Hata sheria yetu inatofautisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwenye mashairi na muziki wake, na inamlinda kivyake yule aliyebeba jukumu la kuifanya rekodi. Na haki za kiuchumi za mtunzi hazihamishwi kwa maneno ya kijiweni, ni lazima pawe na maandishi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtia nia wetu lingekuwa hili: zile nyimbo tutakazorekodi kwa vifaa vya ofisi yake, rekodi zitakuwa za nani? Nimeuliza kwenye kundi. Hakuna aliyejibu, nilitumiwa vikatuni vya kucheka tu.

Sasa mtaniambia, "Hizo ni nadharia za darasani." Haya, twende kwenye mifano ya watu waliofanya.

Nairobi kuna mtaa unaitwa Dandora. Ulijengwa miaka ya 1970 kwa mradi wa Benki ya Dunia wa viwanja vya watu wa kipato cha chini, na dampo kubwa la jiji liko palepale. Kwenye mtaa huo katikati ya miaka ya 1990 likatokea kundi la Kalamashaka, vijana watatu, Kama, Johny na Roba, waliochana kwa Kiswahili na Sheng kipindi ambacho wengi waliona hip hop ni lazima iwe Kiingereza. "Tafsiri Hii" iliwapa jina nchi nzima, na mwaka 2001 wakatoa albamu ya "Ni Wakati". Wangeweza kuhama Dandora wakawa masupastaa. Badala yake walikusanya vijana wa mtaa, wakaungana na Ukoo Flani wa Mombasa, na likawa jeshi la zaidi ya watu ishirini, Ukoo Flani Mau Mau. Humo ndimo walimopita Mashifta, Zakah na Kah, na Juliani. Mwaka 2006 wakatoa "Dandora Burning", albamu waliyoirekodi hukohuko Dandora, kwenye studio ya Maono. Yaani aliyetaka sauti ya Dandora ilibidi aifuate Dandora.

Wakati ule walikuwa hawana pesa, na mimi ndicho kinachonivutia. Walikuwa na mtaa unaowajua. Na hata baada ya kundi kutawanyika (maana lilitawanyika, tusidanganyane, makundi ya watu ishirini huwa yanatawanyika) mbegu ilibaki. Juliani alirudi kuanzisha Dandora Hip Hop City, kituo cha watoto na vijana ambapo mtoto anaweza kuleta taka za kurejeleza akapata pointi za kumsaidia. Umeona hapo? Dampo ndilo tatizo la mtaa, na muziki ukaingia kwenye tatizo hilohilo. Hiyo ndiyo maana ya mizizi.

Nisiwe mwongo lakini. Ukoo Flani nao walipokea mkono wa nje. Albamu ya "Kilio cha Haki" ya mwaka 2004 ilitokana na mradi ulioletwa na msanii wa Uholanzi, Nynke Nauta. Na hapa kwetu Tanzania, X Plastaz wa Arusha, walioanza mwaka 1996 na kuchanganya kuchana na uimbaji wa Kimasai, albamu yao ya "Maasai Hip Hop" ilitolewa mwaka 2004 na lebo ya Ujerumani, OutHere ya Munich. Ilizunguka dunia. Na Radio Kwizera yetu ya Ngara je? Ilianzishwa mwaka 1995 na Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi. Mwaka mmoja kabla, mwisho wa Aprili 1994, watu kama 250,000 walikuwa wamevuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi kuja kwetu, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Redio ile ilianzishwa na watu wa mbali kwa ajili ya dharura, ila leo hii mama yangu akiwasha redio ni hiyohiyo, na anaiita "redio yetu". Jina lenyewe kwa lugha za kwetu ni tumaini, nani asiyelielewa?

Kwa hiyo hoja yangu sio kwamba msaada ni dhambi. Sitaki tujifanye tumeshuka kutoka mbinguni na kipaza sauti mkononi. Hoja yangu ni kwamba kuna msaada unaokuacha ukiwa bado unadaiwa na watu wako, na kuna msaada unaokufanya udaiwe na aliyekupa peke yake. Redio imedumu kwa sababu inaongea na wanaoisikiliza. Studio ya mtia nia itaongea na mtia nia. Siku mtu wa Rulenge akituletea mstari wa kulalamikia zahanati isiyo na dawa, tutamrekodi? Kwenye chumba chenye jina la mheshimiwa ukutani? Wote tunajua tutamwambia arudi kesho.

Kuna mshkaji kaniambia hip hop na siasa ni ndugu, mbona Sugu kawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Profesa Jay akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015? Ni kweli, lakini angalia mlolongo. Sugu alikuwa anatoa albamu tangu miaka ya 1990, Jay alitoka na Hard Blasters kisha "Machozi Jasho na Damu" mwaka 2001. Walijenga jina lao kwanza, wakaenda kwenye siasa wakiwa na sauti yao wenyewe, na wote wawili wakadumu bungeni mpaka 2020. Sisi tunataka kuanzia kwenye siasa ya mtu mwingine kabla hatujatoa hata wimbo mmoja. Hao kaka zetu waliingia kwa mlango wa mbele, sisi tunaitwa kupitia jikoni.

Na tukumbuke hili pia. Usiku wa tarehe 5 Aprili 2017 Roma na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio za Tongwe Records, Dar. Siku tatu hawakuonekana. Wasanii wenzao na mashabiki wakapaza sauti nchi nzima. Nasema hivi sio kuwatisha. Najiuliza tu: sisi tukipata shida, nani atapaza sauti? Ukiwa wa mtaa, mtaa utauliza uko wapi. Ukiwa wa ofisi ya mtu, mtaa utasema "hao si wa fulani, wamuulize fulani".

Hoja ya pili ninayopigwa nayo ni soko. "Ngara na Biharamulo nani atasikiliza? Muziki uko Dar." Hapa ndipo watu wa kwetu tunajidharau kupita kiasi. Hebu itazame ramani. Rusumo ni mpaka wa Rwanda, Kabanga ni mpaka wa Burundi, na Nyakanazi pale Biharamulo ndipo barabara ya Kigoma, ya Mwanza na ya Ngara zinapokutana. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita usiku na mchana. Dereva wa lori anakaa barabarani siku ngapi? Anasikiliza nini? Muulizeni mwenzetu mwenye kibanda Nyakanazi. Watu wanampa flashi, wanamwambia "nijazie", na yeye ndiye anayechagua. Huyo ni msambazaji kamili jamani, yuko ndani ya kundi letu, na sisi tunaota kupigwa kwenye redio za Dar!

Halafu lugha. Kihangaza kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda. Mtu akichana kwa Kiswahili akaingiza Kihangaza kidogo, anaeleweka Ngara, anaeleweka Muyinga, anaeleweka Kirehe. Kigali tuko karibu nayo kuliko Dar mara nyingi sana. Msije mkaniambia lugha ya nyumbani haiuzi. Mwaka 2001 Saida Karoli wa mkoa wetu huuhuu wa Kagera aliichezesha nchi nzima kwa Kihaya. Mimi mwenyewe sikuelewa nusu ya maneno na bado nayaimba mpaka kesho. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakaurudia ule wimbo wake wa "Maria Salome" na watoto waliozaliwa baadaye nao wakacheza.

Wapo watakaosema huo ni ukabila. Hapana. Ukabila ni kumfungia mlango asiye wa kwenu. Kwetu kuna Wahangaza, Washubi, Wasubi, Wazinza, Wahaya, Wasukuma waliohamia, na watu waliokuja wakikimbia vita wakabaki. Lebo ya kwetu itakuwa ya kikabila ikimfukuza mmoja wao, sio ikimruhusu kila mmoja aje na lugha yake.

Mfano mmoja wa mbali halafu niache. Marekani kuna mji wa Minneapolis, uko mbali na New York na mbali na Los Angeles, baridi tupu. Mwaka 1995 washkaji wa pale walianzisha lebo ya Rhymesayers. Mwaka 1999 wakafungua duka la kuuza rekodi palepale mjini kwao, linaitwa Fifth Element, na likadumu mpaka mwaka 2020. Miaka ishirini na moja! Hawakusubiri mji mkubwa uwaite. Walihakikisha kijana wa Minneapolis akitaka muziki wa kwao anaingia dukani, anakutana na mtu anayemfahamu. Kwetu duka hilo ni kile kibanda cha Nyakanazi.

Sasa najua swali la mwisho: "Wewe unapinga tu, mbadala wako ni nini?" Mbadala wangu nimeutoa kwa mama zetu. Nacheka lakini niko siriasi.

Wote tumelelewa na kikoba. Mama yangu yuko kwenye kikoba chenye wanachama ishirini na tano. Wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu tofauti, sanduku liko kwa wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na likifunguliwa linafunguliwa mbele ya wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti. Kila mtu ananunua hisa kwa uwezo wake. Kuna mfuko wa jamii wa misiba na ugonjwa. Ukichelewa kikao, faini. Mwisho wa mzunguko wanagawana. Hivyo ndivyo nilivyolipiwa ada ya kidato cha tano na sita. Mama hana digrii ya biashara, ila sijawahi kusikia mtu kaibiwa hisa kwenye kile kikoba.

Kwa nini lebo isiendeshwe hivyohivyo? Nimepiga hesabu. Tuko tisa. Kila mmoja akitoa 20,000 kwa mwezi ni 180,000. Miezi minane ni 1,440,000. Nimeulizia bei za mtumba: laptop 600,000, saundi kadi 350,000, kipaza sauti 250,000, hedifoni 150,000. Jumla 1,350,000. Inabaki 90,000 ya blanketi na magodoro chakavu ya kuzuia mwangwi. Chumba tunacho, kile cha stoo nyumbani kwa mwenzetu, baba yake kasema tukitoa magunia na kupaka chokaa ni chetu. Umeme ukikatika tutasubiri urudi, kama kila mtu. Ndiyo, ni miezi minane, wakati mtia nia analeta kesho. Na ndiyo, 20,000 ni nyingi kwa mtu wa bodaboda mwenye mtoto. Asiye nayo alete 10,000, alete 5,000, aandikiwe hisa zake. Sisi wanne wa chuoni tunaweza kubana kwenye bumu tukafidia. Chipsi zitapumzika.

Masharti ninayopendekeza ni manne tu.

Moja, karatasi. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mtu anasaini kabla hajashika kipaza sauti. Mashairi ni ya aliyetunga. Rekodi ni nusu kwa nusu kati ya msanii na lebo. Faili zote anapewa nakala siku hiyohiyo. Kama yule mwenzetu angekuwa na ukurasa huo, leo angekuwa bado anaandika.

Mbili, hesabu hadharani. Kila mwisho wa mwezi tunasoma kilichoingia na kilichotoka, mbele ya yeyote anayetaka kusikia. Kama kikoba.

Tatu, siku moja kwa wiki chumba ni cha mtaa. Kwaya ya kigango ije irekodi, mzee mwenye hadithi za zamani aje, mwanafunzi mwenye shairi la shule aje. Bure au kwa bei ya umeme. Hapo ndipo wale wanaosema hip hop ni uhuni watakapoona tunafanya nini humo ndani. Bibi akisharekodiwa sauti yake, akaisikia, nani atatuita wahuni tena?

Nne, mwanasiasa yeyote akitaka kurekodi, anakaribishwa. Analipa kama mteja mwingine, anapewa risiti, anaondoka na wimbo wake. Hata huyu mtia nia wetu. Mimi sina ugomvi naye kama mtu. Akileta pesa ya nyimbo tatu tutamrekodia vizuri sana, na zitapunguza miezi yetu minane. Ila ukuta haupakwi jina la mtu.

Nimeandika haya nikijua kura ni sita kwa mbili, na kwamba inawezekana kabisa Jumapili nikashindwa. Nikishindwa sitawasusa, ni ndugu zangu. Ila sitatia jina langu kwenye kile chumba, na ile hisa yangu ya kwanza ya 20,000 itabaki kwenye bahasha, chini ya godoro hapa hosteli, mpaka siku mtakaponiita.

Na wewe mwenzetu uliyeulizwa "una karatasi gani", najua unasoma hapa hata kama hunijibu meseji. Kura yako ndiyo ninayoitaka kuliko zote. Sio kwa ajili ya hesabu, maana hata ukija kwetu tutakuwa watatu tu. Ni kwa sababu wewe ndiye unayejua inauma wapi. Kama wewe ukiniambia vifaa vya ofisi ya mtu vinatosha, basi mimi nitanyamaza.

Naomba kutoa hoja. Acha sasa nikapige desa, kesho saa mbili asubuhi kuna testi nyingine na sijagusa kitu.

Tuko pamoja.